Mafuta au grafaiti, bikaboneti au kostiki: ulinganisho wa njia za kutunza jiko la chuma cha kusubu

Juu ya jiko langu, mkono wa kulia wa bamba kubwa la kupikia, pana doa lililofifia lenye ukubwa wa dole gumba. Kwingine kote enameli inang'aa hata dirisha linaonekana ndani yake. Pale tu ndipo hapang'ai. Doa hilo halikuletwa na chakula kilichomwagika wala sufuria iliyoburutwa. Nililitia mwenyewe, nikisafisha, kwa nusu limau na chumvi. Niliambiwa kwamba limau ni kitu cha asili, haliwezi kudhuru. Nikalipaka, nikaliacha, nikaenda kufanya mambo mengine. Niliporudi ukoko ulikuwa umetoka, na mng'ao umetoka nao.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza dawa gani ni bora kwa jiko la chuma, humuuliza kwanza anasafisha sehemu ipi. Ukilitazama, jiko ni moja. Ukilishika, lina nyuso tatu au nne, na kinachoufaa uso huu huuharibu ule. Majiko mengi niliyoyaona yamechakaa hayakuchakazwa na moto wala mapishi. Yalichakazwa na usafi uliofanywa kwa nguvu mahali pasipostahili.

Kwanza tambua unasafisha nini

Chuma cha kusubu ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikiwa na kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi. Kaboni hiyo nyingi hukifanya kiyeyuke kwa joto dogo kuliko feleji na kijaze vizuri kila pembe ya kalibu, lakini pia hukifanya kiwe kigumu bila kunyumbulika. Feleji ukiigonga hubonyea. Chuma cha kusubu hupasuka. Na hupasuka vilevile kikipozwa ghafla.

Katika jiko la nyumbani chuma hiki huwa katika hali mbili. Kuna chuma kitupu: bamba la kupikia, ndani ya oveni, wavu wa moto, na kwa majiko ya zamani mwili mzima. Halafu kuna chuma kilichovikwa enameli, yaani kioo kilichosagwa, kikapakwa, kisha kikachomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi hadi kikashikana na chuma. Mbali na hizo mbili, pana vipande vya krome, nikeli au alumini: vifuniko, reli ya mbele, vishikio.

Ukiwa na shaka, tumia kitambaa cheupe kikavu na sumaku. Kitambaa kikitoka na weusi wa kijivu unaoteleza kama penseli, hapo pamepakwa grafaiti. Kikitoka na rangi ya kahawia, ni kutu. Kikitoka safi na uso ni laini kama sahani, ni enameli. Sumaku ikikataa kushika, huo si chuma cha kusubu; mara nyingi ni alumini, na jambo hilo utaliona umuhimu wake tukifika kwenye kostiki, ile alkali kali iliyomo katika dawa za kusafishia oveni.

Likiwa la moto au likiwa baridi

Hapa watu hubishana sana, kumbe kila mmoja anazungumzia jiko la aina yake. Mwaka 1922 Gustaf Dalén, mwanafizikia wa Uswidi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 na kupoteza macho mwaka huohuo katika ajali ya gesi, alibuni jiko la AGA, ambalo mwili wake mzito wa chuma cha kusubu hukaa na joto usiku na mchana. Jiko kama hilo halina saa ya baridi, labda ulizime makusudi. Jiko la kuwasha kuni au makaa asubuhi na kuliacha life jioni lina saa ya baridi kila siku.

Kwa oveni ya chuma kitupu, joto lina faida kubwa. Mafuta na makombo yaliyodondokea ndani huungua polepole hadi yakawa makaa makavu. Huhitaji maji wala dawa. Unahitaji brashi ngumu ya waya yenye mpini mrefu, ukwangue, kisha ukombe unga mweusi utoke. Kumwagia maji oveni ya namna hiyo ni kuipa kutu bure. Bamba la kupikia nalo ni vivyo hivyo: piga brashi likiwa na joto la wastani, mara tu baada ya kupika, kabla ukoko haujashikana. Makombo madogo yaliyoachwa hapo huinua sufuria kiasi cha unene wa karatasi, na hapo ndipo mtu anapoanza kulalamika kwamba jiko limepungua nguvu. Jiko halijapungua kitu. Sufuria haigusi bamba.

Enameli ni kinyume. Ikiwa vuguvugu husafishika vizuri, ikiwa ya moto sana haifai kuguswa na kitambaa cha maji baridi, kwa sababu kioo na chuma hujikunja kwa kiasi tofauti na kioo ndicho kinachoshindwa. Utaona mistari myembamba kama nywele, na haitatoka tena. Maziwa au maji ya tunda yakimwagika jiko likiwa la moto, yafute papo hapo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa chenye unyevu kije baadaye, joto likishashuka.

Kwa mwenye jiko la kudumu: chagua brashi ya kila siku, na enameli uipe muda wake siku unapopunguza moto. Kwa mwenye jiko la kuwasha na kuzima: fanya kazi yote ya maji na dawa asubuhi kabla ya moto, kisha moto ukaushe.

Enameli: bikaboneti, kostiki, siki

Kwa kazi ya kila siku hakuna kinachoshinda maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukifuta kila baada ya kupika. Ulinganisho unaanza pale ambapo hilo limeshindikana, mafuta yamechomekea na kuwa gome la rangi ya kaharabu pembezoni mwa bamba.

Bikaboneti ya soda, ile inayotiwa kwenye keki, ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa watu wote. Si kwa kuwa ni ya bei nafuu au ya kiasili. Chembe zake ni laini kuliko kioo cha enameli, hivyo zinasugua uchafu bila kuacha michirizi, na ualkali wake ni mdogo, unalainisha mafuta bila kula kitu kingine. Changanya vijiko vitatu vya bikaboneti na kimoja cha maji upate uji mzito usiotiririka. Paka, funika kwa kitambaa chenye unyevu ili usikauke, acha nusu saa, kisha sugua kwa sponji laini kwa kuzungusha. Gome la miezi halitatoka mara ya kwanza. Litatoka mara ya tatu au ya nne, na hii ndiyo kasoro ya njia hii: inataka subira. Tena huacha vumbi jeupe kwenye maungio, linalohitaji kufutwa mara mbili kwa maji safi.

Dawa kali za oveni zenye kostiki hufanya kazi kwa namna nyingine. Kostiki hugeuza mafuta kuwa sabuni, kwa hiyo gome lililokataa siku tatu huteleza ndani ya robo saa. Nguvu hiyo haibagui. Ikigusa alumini, huila na kutoa mapovu ya gesi ya hidrojeni, na kifuniko chako kitabaki na rangi ya kijivu isiyopendeza. Ikigusa bamba la chuma kitupu lililokolezwa mafuta, huvua ule mkolezo wote, yaani ngozi ngumu ya mafuta yaliyochomwa juu ya chuma, na kuacha chuma uchi, tayari kwa kutu. Ikiachwa muda mrefu juu ya enameli, hasa yenye joto, inaweza kuifubaza. Ngozi na macho sihitaji kueleza: glavu ndefu, miwani, madirisha wazi.

Nimeitumia kostiki mara mbili tu, zote kwenye trei ya enameli inayotoka, nje ya nyumba, mbali na jiko lenyewe. Kwa kazi hiyo ni nzuri na sitaikana. Lakini kuipulizia juu ya jiko zima, ambako enameli, krome, alumini na chuma kitupu vimepakana kwa upana wa kidole, ni kukaribisha hasara. Pulizo halijui mpaka.

Siki na limau ndivyo vinavyosifiwa kuliko vyote, na ndivyo ninavyovikataa waziwazi juu ya enameli. Siki ya kawaida ina asidi ya asilimia 5 hivi. Enameli nyingine zimetengenezwa kuhimili asidi, nyingine hazikutengenezwa hivyo, na kwa kulitazama jiko la zamani huwezi kuzitofautisha. Doa langu ni ushahidi. Na ule mchanganyiko wa siki na bikaboneti unaotoa povu la kufurahisha macho hauna nguvu ya ajabu: asidi na alkali vimeuana, na unachobaki nacho zaidi ni maji yenye chumvi. Kama unataka bikaboneti ifanye kazi, iache peke yake.

Gome likigoma kabisa, kuna kikwangua chenye wembe, kile cha kusafishia majiko ya umeme ya kioo. Kishike kikiwa kimelala karibu sawa na uso, lainisha kwanza kwa maji ya sabuni, sukuma taratibu mbele tu, usirudishe nyuma. Kinafaa sehemu bapa. Kwenye kona na mikunjo kitamega enameli. Brashi ya waya na waya wa kusugulia masufuria viweke mbali kabisa na enameli.

Chuma kitupu: mafuta au grafaiti

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, kwa sababu njia zote mbili ni sahihi, na watu wanaozitumia hudhani wenzao wamepotea.

Tuanze na mafuta. Unapopaka mafuta ya kupikia juu ya chuma na kukitia joto la nyuzi 200 hadi 230 kwa muda wa saa moja, mafuta hayabaki kuwa mafuta. Chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa ngozi ngumu, nyeusi, iliyokamatana na chuma, isiyooshwa kwa maji. Huo ndio mkolezo. Tabaka moja ni jembamba mno na lina rangi ya shaba. Baada ya matabaka manne au matano ndipo weusi unapokuja.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kupaka mengi. Niruhusu nieleze hili kwa ukaribu, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Bamba lipashe moto kidogo, kiasi cha kuweka kiganja na kukitoa haraka. Chovya ncha ya kitambaa cha pamba kwenye mafuta, si kumimina. Zungusha kuanzia katikati hadi ukingoni, usiache mfereji wowote. Sasa chukua kitambaa kingine, kikavu, ufute mafuta yote kana kwamba uliyapaka kwa bahati mbaya. Bamba litaonekana halina kitu. Linayo, utaona kwa jinsi mwanga unavyokaa juu yake bila kumetameta. Hapo ndipo moto uingie. Likianza kutoa moshi mwembamba wa bluu na harufu kali kidogo, mambo yanakwenda sawa. Ukiona matone yanajikusanya kama jasho, uliacha mengi. Futa tena kabla hayajaganda, la sivyo utapata vipele vinavyonata ambavyo siku ya kuvikwangua utajuta.

Mafuta gani? Alizeti, soya na kanola vyote vinafaa. Mafuta ya kitani husifiwa kwa kukauka haraka na kuwa magumu, na ni kweli, ila ngozi yake ina tabia ya kubanduka magamba bamba likipata joto la mara kwa mara. Tena lipo la hatari: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au viloweshe maji kabla ya kutupa.

Upande wa pili ni grafaiti, ule unga mweusi unaochanganywa na nta au vimiminika vingine na kuuzwa kwenye kopo au bomba dogo. Waingereza wa zamani waliuita risasi nyeusi ingawa hauna risasi hata chembe. Ni kaboni tupu, ileile ya penseli. Ubora wake ni kwamba grafaiti haitikiswi na joto la jiko. Mahali ambapo mafuta yangeungua yakawa majivu, yaani mlango wa moto, pete za karibu na makaa na shingo ya bomba la moshi, grafaiti hubaki. Na sura yake ni nyingine kabisa: mkolezo wa mafuta ni mweusi mzito, grafaiti ina weusi wa fedha, kama manyoya ya kunguru.

Huipaki kwenye jiko la moto. Jiko liwe baridi, limepigwa brashi na kufutwa vumbi. Kiasi cha punje ya haragwe kinatosha eneo la viganja viwili. Sambaza kwa brashi fupi ukiingiza kwenye maua na herufi zilizochorwa na kalibu, subiri ikauke, kisha piga brashi laini kwa kasi mpaka mng'ao utoke. Moto wa kwanza baada ya kupaka utatoa harufu na moshi wa nta inayoungua. Fungua madirisha na uwashe moto mdogo.

Sasa tulinganishe kwa yale yanayomhusu mtu nyumbani. Panapogusana na chakula, mafuta hushinda bila mjadala. Grafaiti ya kopo isipakwe kwenye bamba ambalo utachoma kitu moja kwa moja juu yake. Kwenye joto kali sana, grafaiti hushinda. Kwenye unyevu, mafuta huziba chuma vizuri zaidi, maana grafaiti yenyewe ni unga na nta yake ikishaungua maji hupita katikati ya chembe. Kwa kazi, grafaiti ni saa moja na mikono myeusi, inarudiwa kila baada ya wiki kadhaa kadiri unavyowasha. Mafuta ni siku nzima ya kwanza yenye subira, halafu dakika mbili kila baada ya kupika. Na kwa watoto na nguo: grafaiti huhama. Ukiegemea jiko lililopakwa grafaiti bila kusuguliwa vizuri, utaondoka nayo.

Mimi natumia zote mbili. Bamba la juu ni mafuta. Mlango, pete na shingo ya bomba ni grafaiti. Sijawahi kuona sababu ya mtu kuchagua upande mmoja kama chama.

Rangi ya kuhimili joto ni njia ya tatu, na nitaisema kwa kifupi. Inapendeza kwa jiko la urembo lisilopikiwa, au bomba la moshi. Kwenye jiko linalofanya kazi hubabuka, na ukitaka kurudi kwenye mafuta au grafaiti inabidi uikwangue yote kwanza.

Kutu ikishaingia

Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa inayotoka kwa kidole, isikutishe. Brashi ya waya au sponji ya nyuzi za chuma na matone ya mafuta huimaliza kwa dakika kumi, halafu unakoleza upya. Kutu ya magamba ndiyo inayokulazimisha kuchagua kati ya mkono, siki na umeme.

Mkono, yaani msasa wa kati na brashi, hauna hatari kwa chuma na hufika popote kwenye mwili wa jiko bila kulivunja vipande. Huchosha, na kwenye mashimo madogo ya kutu haufiki chini.

Siki niliyoikataa juu ya enameli inapata nafasi yake hapa, kwa vipande vya chuma kitupu vinavyotoka: pete, vifuniko, wavu. Nusu siki nusu maji, tumbukiza, na kila baada ya nusu saa toa, sugua, tazama. Ikimaliza kutu huanza kula chuma, kwa hiyo usikiache kipande humo ulale. Kikitoka, suuza kwa maji yenye bikaboneti, kausha juu ya moto mara moja, paka mafuta kikiwa bado cha moto. Dakika tano za kuchelewa na utaona rangi ya chungwa inarudi mbele ya macho yako.

Umeme ndio mpole kuliko zote kwa kipande na mkali kuliko zote kwa asiyejua anachofanya. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa cha soda ya kufulia kwa kila lita nne hivi, chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu hufungwa kwenye waya hasi, chuma chakavu kwenye waya chanya, visigusane. Kutu hulegea na kuwa matope meusi, na chuma kizima hakiliwi. Lakini gesi inayopanda kwa mapovu ni hidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanywe nje tu. Zima chaja kabla ya kugusa chochote. Na usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye waya chanya, maana hutoa kromu yenye sumu ndani ya maji. Kama una wavu mmoja wenye kutu, usijisumbue na umeme. Kama umenunua jiko lililolala bandani miaka mingi na una vipande kumi na tano, hapo umeme unafaa.

Kamba ya mlango

Fungia ukanda wa karatasi mlangoni, kisha uvute. Ukitoka bila kupingwa, kamba inayoziba ukingo wa mlango imechoka, hewa inapita pembeni, moto haukutii, na kuni zinakwisha haraka. Jaribu pande zote nne; mara nyingi upande wa bawaba ndio hulegea kwanza.

Wengine hugeuza kamba ile ile au kuongeza gundi juu. Hufaa kwa wiki chache. Kubadilisha kamba nzima ni kazi ya jioni moja: kwangua mfereji mpaka chuma kionekane, tia gundi ya joto, laza kamba mpya ya nyuzi za kioo yenye kipenyo kilekile bila kuinyoosha, funga mlango na uache ikauke. Kamba nene kuliko inavyotakiwa ni mbaya kama kamba nyembamba, maana mlango utalazimishwa, na chuma cha kusubu hakilazimishwi.

Onyo moja kwa wenye majiko ya zamani: kamba na vizuia joto vya enzi hizo huenda vikawa na asbesto. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, na majiko yaliyotengenezwa miongo mingi kabla ya hapo bado yanapikiwa. Kamba nyeupe ya kijivu inayochambuka kama pamba ngumu, kwenye jiko la zamani, usiikwangue wala kuipiga brashi ikiwa kavu. Iache, mwite mtu anayeshughulikia asbesto.

Jivu, masizi na fundi

Kazi za ndani nazigawa kwa swali moja: nikikosea, kitaharibika nini? Jivu nikikosea nitachafua sakafu. Bomba la moshi nikikosea naweza kuunguza nyumba.

Kwa hiyo jivu ni langu. Lisiruhusiwe kupanda hadi likagusa wavu wa moto kwa chini, kwa kuwa hewa inayopita ndiyo inayoupoza. Wavu ukizikwa ndani ya jivu huwaka mwekundu, hupinda, mwishowe huvunjika. Chombo cha jivu kiwe cha bati, chenye kifuniko, kiwekwe nje juu ya kitu kisichoungua. Kaa dogo ndani ya jivu linaweza kuishi siku kadhaa. Na jivu likipata maji hutoa alkali inayounguza ngozi, na unyevu wake huleta kutu, kwa hiyo usilimwagie maji likiwa ndani ya jiko.

Masizi yanayojikusanya kwenye njia za moshi kuzunguka oveni nayo ni ya mwenye nyumba. Fungua kile kimlango kidogo cha kusafishia, kokota kwa kijiti chenye bapa mwishoni. Tabaka jembamba la masizi huzuia joto kama blanketi. Oveni iliyogoma kupata moto, nikaanza kudhani imekufa, ilipona kwa kukokotwa ndoo moja ya masizi.

Dohani yenyewe ni ya fundi, mara moja kwa mwaka kwa uchache, zaidi kama unachoma kuni zenye unyevu. Kuni zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hutoa moshi mzito unaoganda kwenye kuta za dohani na kuwa lami, na lami hiyo ndiyo inayowaka. Nyufa kwenye mwili wa jiko pia ni za fundi. Kuziba maungio kwa saruji ya moto unaweza mwenyewe, ukikumbuka kwamba bamba la urefu wa mita moja likipanda nyuzi 300 hurefuka milimita tatu hivi. Lile pengo dogo kati ya vipande liliachwa makusudi. Ukilijaza saruji hadi pomoni, chuma kitatafuta nafasi kwingine, nacho kitaipata kwa kupasuka. Ufa uliopita hadi kwenye chumba cha moto hauzibwi na chochote cha kopo, kwa sababu gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Kiwepo kifaa cha kuitambua chumbani, jiko likiwa zima au bovu.

Ukilizima kwa muda mrefu

Jiko lililozimwa hushikwa na kutu haraka kuliko linalowashwa, maana hakuna joto la kulikausha, na masizi yaliyobaki hunyonya unyevu. Toa jivu lote, hata la pembeni. Kokota masizi, mwite fundi asafishe dohani. Chuma kitupu chote, pamoja na ndani ya oveni na upande wa chini wa pete, kifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na hapa unaweza kuacha tabaka zito kidogo kuliko la kukoleza kwa kuwa halitachomwa. Vifuniko vya bamba viinue. Milango yote iache wazi upana wa vidole viwili na kidhibiti hewa kifunguliwe, ili hewa ipande dohani badala ya kutuama. Rudi kila mwezi ukague kwa kile kitambaa cheupe kikavu, na siku ya kuliwasha tena yafute mafuta kwanza, kisha anza na moto mdogo wa vijiti kwa saa moja kabla ya kuongeza.